Komeo la Juu

Fundi alipokuja kulihamisha komeo
aliniuliza: kwani mwizi wenu ana kimo gani?
Sikumjibu. Nilimlipa, nikamtilia chai.
Tangu siku hiyo mlango wetu wa Kibokoni hufungwa juu kabisa,
pale mkono wa mavyaa usipofika,
maana mara ya mwisho alitoka saa tisa za usiku,
buibui kaligeuza nje ndani, mguuni kiatu kimoja cha marehemu,
akenda hadi Mwembe Tayari kutafuta kwao.
Kwao sasa ni duka la magodoro.
Mlinzi alimkalisha juu ya katoni, akampa kahawa,
akamwacha agombane na ukuta.

Daktari wa Makadara alichora kichwa kwenye karatasi,
akakitoboa vishimo kwa ncha ya kalamu.
Jirani alisema ni mambo ya watu.
Wifi Munira, yuko Sharja, alituma sauti:
habasoda na asali, kijiko kimoja, alfajiri, kwa nia.
Nia ninayo.
Nisichokuwa nacho ni usingizi.

Meno yake nimeyakuta ndani ya mkebe wa sukari.
Chini ya mto, ndizi, sijui ya lini.
Akishakula, akishanawa, huuliza:
hivi nyumba hii leo hamli?
Zamani nilikuwa nikisema, umeshakula, Bi Shumi,
naye akilia kama aliyenyimwa.
Siku hizi nasema, kinakuja.
Nampa mkate wa sinia, kipande cha upana wa kidole,
hukila kwa adabu ya mgeni.

Magharibi yake ilifika rakaa sita.
Basi nakaa ubavuni pake, namhesabia:
mbili, Bi. Bado moja.
Sijamuuliza shekhe.

Faraji hupiga simu Ijumaa.
Mamake humwita bwana, humdai kodi ya nyumba.
Talaka yangu aliileta mwaka juzi, imekunjwa vizuri;
ufunguo hakuudai.
Watu huniuliza, Mishi, wakaa pale kwa hati gani?
Nawaambia nimeacha chungu motoni, naondoka.

Kumwosha ndiyo kazi.
Mwanzo alinipiga kata ya uso:
nani wewe, unitazame utupu wangu?
Nikazima taa. Gizani hukubali.
Maji ya kununua, vuguvugu; ya kisima yana chumvi, yamuwasha.
Mkono wangu umeusoma mgongo ule
kuliko nilivyopata kuusoma wa mwanawe.

"Ndoo," asema, nami nasogeza ndoo.
Kumbe aniita.
Kimvita cha utotoni chamrudia
kadiri mengine yanavyomtoka.
"Zeyana, ndoo hapa nikwambie."
Zeyana ni nduguye, yuko Kikowani tangu sijaolewa.
"Huyu muke wa Faraji hayui kupika.
Wali wake mashendea. Hata kwao hakuyulikani.
Yeo sukari nimeifungia kabatini."

Miaka kumi na tisa nalijua lile kabati,
na ufunguo, na uzi mweusi ulioutundika shingoni.
Nilimsugua kisigino.
Nikauliza, kwa sauti ya mtu nisiyewahi kumsikia:
mbona humfukuzi?

Alinyamaza hadi maji yakapoa.
"Usimwambie," akasema.
"Akiwamo nyumbani, mimi hulala."

Usiku wa leo ameamka tena.
Joto la kaskazi, umeme umekatika,
nami nimetandika mkeka kizingitini.
Nasikia vidole vyake vikipapasa mbao
pale komeo lilipokuwa,
vikiingia tundu za misumari, moja, nyingine, vikitoka.

Nani huyo?
Ni Zeyana.
Na yule?
Yule amelala.

Akajishika kiuno, akajiteremsha taratibu,
akakaa nami mkekani.
Basi nena polepole, akaninong'oneza,
tusimwamshe.